Bado, Sasa Hivi, Sana: Mwongozo wa Vielezi vya Kiingereza Vinavyotuchanganya

Jumatano moja mchana msichana alipanda ngazi hadi saiba, duka la kompyuta na uchapaji ninakofanyia kazi, ghorofa ya pili, si mbali na Luthuli Avenue jijini Nairobi, akanikabidhi flashi. Alitaka nimsomee barua ya kuomba kazi kabla hajaichapisha. Barua ilikuwa safi. Aya ya pili ilikuwa na sentensi hii: "I still haven't finished my diploma."

"Hapa ulitaka kusema nini?" nikamwuliza.

"Si ni bado sijamaliza, mwalimu? Namaliza Disemba."

Kisarufi sentensi ile haina kosa. Lakini meneja akiisoma atasikia jambo jingine: huyu alipaswa kuwa amemaliza kitambo, na mpaka leo hajamaliza, sijui kuna nini. Na binti mwenyewe hakuwa amechelewa hata siku moja. Tukaibadilisha ikawa "I haven't finished my diploma yet, I finish in December." Hapo inasema kilicho kweli: masomo yanaendelea na mwisho wake unajulikana.

Kazi yangu ni kuchapa na kurekebisha maandishi ya watu. Barua za kazi, ripoti, madai ya mshahara, meseji za wateja wa ng'ambo. Wengi wanaokuja wanaandika Kiingereza kizuri. Wamekisoma tangu darasa la kwanza, na Katiba ya Kenya ya 2010 imekiweka bega kwa bega na Kiswahili kuwa lugha rasmi. Maneno makubwa hayawasumbui. Wanateleza kwenye haya madogo ya "bado", "tayari", "sasa hivi", "sana" na "kidogo". Kwetu sehemu kubwa ya kazi ya maneno hayo hufanyika ndani ya kitenzi chenyewe: nimefika, nimeshafika, sijafika. Silabi moja au mbili katikati zinatosha. Kiingereza hutumia maneno ya pembeni, na kila neno limepewa mzigo wake.

Mzigo huo ndio wa kuufahamu. Maneno haya hayatuambii saa au kiasi peke yake. Yanatuambia pia msemaji alitarajia nini.

Hatua ya 1: Uliza kwanza nani alitarajia nini

Kabla ya kuchagua neno lolote, iandike sentensi kichwani kwa Kiswahili, kisha ujiulize: jambo hili limetokea mapema kuliko ilivyotarajiwa, limechelewa, au limekuja kwa wakati wake?

Chukua mtu aliye kwenye matatu ya Thika Road, amefika Pangani. Rafiki yake anamngoja katikati ya jiji, nje ya jengo la Archives, anapiga simu. Mtu huyu anaweza kujibu kwa njia tatu akiwa kwenye kiti kile kile, dakika ile ile.

"I'm already at Pangani." Nimefika Pangani, mapema kuliko ulivyodhani. Jitayarishe.

"I'm still at Pangani." Ningekuwa nimeshapita, lakini foleni imenishika.

"I'm only at Pangani." Ndiyo kwanza niko Pangani, safari ingali mbele. Usinitegemee dakika tano zijazo.

Gari halijasogea hata hatua moja. Kilichobadilika ni anayengoja aambiwe nini: achangamke, avumilie, au atafute mahali pa kuketi. Ukiweza kulisikia hilo katika sentensi tatu hizi, nusu ya mwongozo huu umeshaimaliza.

Hatua ya 2: Ivunje "bado" vipande vipande

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huumia.

"Bado" yetu ni pana. Inasema jambo linaendelea, kama katika "bado yuko mkutanoni". Inasema jambo halijatokea, kama katika "bado hajafika". Hujibu swali ikiwa peke yake. Huhesabu hata siku: "bado siku mbili". Kiingereza hakina neno moja la kuyafanya yote haya.

Kwa jambo linaloendelea, neno ni "still": "She is still in the meeting." Hapo hakuna shida.

Kwa jambo ambalo halijatokea lakini linatarajiwa, neno ni "yet", na mahali pake pa kawaida ni mwisho wa sentensi: "She hasn't arrived yet." Sentensi hii haina lawama. Anakuja, ila hajafika.

Kwa jambo ambalo halijatokea na lilipaswa kuwa limetokea, "still" hurudi, ikakaa mbele ya kikanushi: "She still hasn't arrived." Soma tena hizo mbili za mwisho kwa sauti. Mtu wa mapokezi akimwambia mgeni ile ya kwanza, mgeni ataketi asome gazeti. Akimwambia ya pili, mgeni ataanza kutazama saa na kujiuliza bosi huyu ni mtu wa namna gani.

Mpangilio wa maneno nao una mtego wake. Sisi tunaweza kusema "bado hajafika" au "hajafika bado", yote sawa. Ile ya pili hutuvuta tuandike "She hasn't still arrived", na hiyo haikubaliki. Kumbuka hivi: katika kukanusha, "still" hutangulia na "yet" hufuata nyuma.

Ukiulizwa "Have you eaten?" na wewe hujala, "bado" yako ni "Not yet". "Still" peke yake haijibu swali hilo.

"Bado kidogo" ya fundi anayemalizia kushona ni "Not quite" au "Almost". "Bado siku mbili" haitaki "yet", sema "Two days to go" au "There are two days left."

Na kuna jirani wa "bado" ambaye husahauliwa: "tena". Tunaposema "hafanyi kazi hapa tena", "tena" ile inafunga kile ambacho "bado" ilikuwa imekifungua. Alikuwa bado anafanya, sasa hafanyi tena. Kwa Kiingereza ni "She doesn't work here any more" au, katika maandishi rasmi, "She no longer works here." Ukiandika "again" umesema habari ya kurudia, na msomaji atabaki akishangaa ni lini alirudi.

Hatua ya 3: Pima "already" kabla ya kumtumia mteja

Neno "already" lilizaliwa na maneno mawili, "all" na "ready", yaani tayari kabisa. Napenda jambo hili kwa sababu "tayari" yetu imepita njia hiyo hiyo: "niko tayari" na "tayari nimelipa" hutumia neno moja. Kiingereza cha leo kimeyatenganisha kwa tahajia. "We are all ready" maana yake sote tuko tayari. "We are already" ni sentensi iliyokatika njiani. Msomaji anangoja uimalizie. Kosa hili naliona kila mwezi kwenye barua za vikundi na kamati.

Katika maswali, tofauti ni kubwa. Fundi wa simu anakurekebishia kioo. "Have you finished yet?" ni swali la mtu anayengoja. "Have you finished already?" ni la mtu aliyeshangaa kwa kasi ya kazi, na huenda amefurahi au ana wasiwasi kwamba kazi imelipuliwa. Usipotaka kudokeza lolote, uliza "Have you finished?" uishie hapo.

Sasa la ofisini. Mteja anaandika kuuliza kama umetuma faili. Kwa Kiswahili ungesema "nimeshatuma", na hakuna anayekasirika. Lakini "I have already sent it" inaweza kusomeka kama "mbona unauliza jambo lililokwisha?" Ndani ya "already" kuna dokezo kwamba jambo lilitangulia swali. Andika "I sent it this morning" na utaje saa. Kaa mbali zaidi na "As I already told you". Hiyo ni sauti ya mtu aliyekunja uso, hata kama wewe ulikuwa unatabasamu ulipoiandika. "As I mentioned on Monday" hufanya kazi ile ile bila kumkwaruza mtu.

Jambo dogo la mwisho hapa: shule zetu zilitufundisha mtindo wa Uingereza, "I've already eaten". Mmarekani atasema bila wasiwasi "I already ate". Hakuna aliyekosea, ila usichanganye mitindo miwili ndani ya barua moja.

Hatua ya 4: Amua "sasa hivi" yako inaelekea wapi

"Njoo sasa hivi." "Nimemwona sasa hivi." "Nakuja sasa hivi." Neno moja linatazama pande tatu: wakati huu, nyuma kidogo, na mbele kidogo. Kwa Kiingereza chagua upande. Ya kwanza ni "right now". Ya pili ni "just now", nayo hupenda kitenzi cha wakati uliopita: "I saw him just now." Ya tatu ni "in a moment" au "in a minute".

Uangalifu unahitajika kwa "just now" ukiwa na wateja wa Afrika Kusini. Kwao mtu akisema "I'll do it just now" anamaanisha baadaye, labda kidogo, labda sana. Kitu cha haraka zaidi wanakiita "now now". Ukipokea ahadi ya namna hiyo kutoka Johannesburg, jibu kwa upole ukiuliza saa.

Kwa "ndiyo kwanza nimetuma" neno ni "just" kando ya kitenzi: "I've just sent it." Hapa Nairobi utasikia pia "I'm from eating", ambayo ni "nimetoka kula" iliyovaa koti la Kiingereza. Sisi kwa sisi tunaelewana. Msomaji wa nje hataelewa, kwa hiyo mwandikie "I've just eaten."

"Just" ina kazi ya pili, ya "tu", na mahali inapokaa panaamua. "I've just eaten one mandazi" inaweza kusomeka kwa njia mbili: ndiyo kwanza nimekula andazi, au nimekula moja tu. "I've eaten just one mandazi" ina maana moja: moja tu. Unapotaka "tu", isogeze "just" hadi mlangoni pa kile unachokihesabu.

Kwa mambo ya mbele kidogo kuna ukoo mzima wa maneno. "Soon" ndiyo salama kuliko yote. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilimaanisha papo hapo. Karne zikapita, watu wakaahidi na kuchelewa, na neno likalegea nao. "Shortly" ni "soon" iliyovaa tai, inafaa barua rasmi. "Presently" iache kabisa: kwa Mwingereza mara nyingi ni "punde", kwa Mmarekani na hata huko Scotland ni "kwa sasa". Andika "soon" au "currently" kulingana na unachotaka.

"Momentarily" nayo ni hatari. Tuseme keateka, yaani mtunzaji wa jengo, amebandika tangazo kwamba "The power will go off momentarily." Mpangaji Mmarekani atakimbia kuhifadhi kazi yake kwenye kompyuta, kwa sababu amesoma kwamba stima inapotea punde hivi. Mpangaji Mwingereza ataendelea kunywa chai. Yeye amesoma kwamba itapotea kwa muda mfupi tu kisha irudi. Tangazo moja, na mmoja wao lazima ataumia.

Ushauri wangu kwa hatua hii yote: ukiweza kutaja saa, itaje. "By 4 p.m." haina mabishano.

Na kwa kuwa nimeitaja "by", niseme kidogo, ingawa yenyewe si kielezi. "Hadi Ijumaa" yetu ina maana mbili. Duka liko wazi hadi Ijumaa: hiyo ni "until", hali inayoendelea. Leta fomu hadi Ijumaa, yaani kufikia Ijumaa: hiyo ni "by", tendo la mara moja lenye mwisho. "I will finish the work until Friday" ni sentensi inayomchanganya msomaji, na nimeikuta kwenye barua za watu wenye shahada.

Hatua ya 5: Tenganisha "hatimaye" za aina nne

Hii ni fupi. "Lastly" ni ya orodha tu: jambo la mwisho katika hoja zako. "Finally" inaweza kuwa ya orodha au ya kungoja. "At last" ni ya kungoja na kushusha pumzi, stima imerudi, "At last!" Usiitumie kwenye orodha. "Eventually" inasema jambo litatokea au lilitokea baada ya muda mrefu na vizuizi njiani.

Mwenye nyumba akiuliza kodi, usimjibu "I will eventually pay." Ulitaka kumhakikishia kwamba utalipa, yeye amesikia kwamba utalipa siku ambayo hata wewe huijui. Na mteja akijibu baada ya wiki mbili, "You have finally replied" si shukrani. Ni lawama. "Thank you for your reply" inatosha.

Ya siku zilizopita nayo haina mengi. "Recently" hufaa tukio moja: "She recently moved to Rongai." "Lately" hufaa hali inayojirudia, ile "siku hizi" yetu: "The water has been going off a lot lately." Na "juzi" tunayoitumia kwa jambo la wiki tatu zilizopita, kwa Kiingereza ni "the other day". Ile ya kamusi yenye kuhesabu siku, "the day before yesterday", itumie pale tu unapomaanisha siku hiyo hasa.

Hatua ya 6: Kwa "sana", tafuta kama kuna mpaka uliovukwa

Mgeni amekula pilau nyumbani kwa watu, amefurahi, anamwambia mama mwenye nyumba: "The food is too sweet." Alitaka kusifu. Alichosema ni kwamba utamu umepita kiasi hadi haufai. "Too" ni "mno" ya asili, ile ya kuvuka mpaka, na "sweet" yenyewe kwa Kiingereza huwa ya sukari zaidi. "The food is very good" au "delicious" ingemfurahisha mama.

Kipimo changu ni hiki. Jaribu kuongeza "hadi siwezi" au "hadi haifai" mwishoni. Ikikubali, tumia "too". Ikikataa, tumia "very". Chai ni moto sana hadi siwezi kuinywa: "too hot". Chai ni moto sana, na ndivyo ninavyoipenda: "very hot". Kwa Kiswahili "sana" inabeba zote mbili na sikio ndilo linaloamua.

Kwenye bei tofauti hii ni pesa. Mzungu yuko soko la mitumba la Gikomba anaangalia koti. Akisema "It's very expensive", ameeleza tu, huenda bado akanunua. Akisema "It's too expensive", amekwambia kwa bei hiyo hanunui. Muuzaji anayesikia tofauti hiyo anajua ni wakati gani wa kushusha na ni wakati gani wa kunyamaza.

"Very" ina mahali ambapo haikai. Haikai mbele ya ulinganisho: "kubwa zaidi, tena sana" ni "much bigger" au "far bigger", kamwe si "very bigger". Haikai mbele ya kitenzi: "naithamini sana" ni "I value it very much". Na haipatani na maneno ambayo tayari yamefika kileleni, kama "excellent", "freezing", "exhausted". Hayo yape "absolutely", au yaache peke yake. Neno hili lilitoka katika Kifaransa cha kale likiwa na maana ya kweli, na ukimsikia mtu wa hapa akisema "tamu kweli" utaona kwamba nasi tunaipita njia hiyo.

Hatua ya 7: "Quite" na ndugu zake

Neno hili lilinigharimu. Miaka kadhaa iliyopita nilihariri ripoti ndefu ya mteja aliye London. Nilikesha nayo. Akanijibu: "Thank you, it's quite good." Nilifurahi, nikawaambia na wenzangu kwamba kazi imependwa, nikangoja nyingine. Haikuja. Baadaye rafiki aliyeishi kule miaka mingi alinisomea ule ujumbe upya. Kwa Mwingereza, akasema, "quite good" mara nyingi ni "si mbaya", inapita, ila nilitarajia zaidi. Laiti ningelijua siku ile, ningemwandikia hapo hapo: "Is there anything you would like me to improve?" Sentensi moja ingefungua mazungumzo. Badala yake nilinyamaza nikiwa na furaha, naye akanyamaza akiwa na mashaka.

Kwa hiyo shika hivi. Mwingereza akiweka "quite" mbele ya sifa yenye viwango, kama "good", "big", "tired", mara nyingi anaipunguza: kiasi, si haba. Mmarekani akifanya hivyo, mara nyingi anaikuza: ni nzuri hasa. Lakini sifa isiyo na nusu, kama "impossible", "right", "finished", "quite" huifanya iwe "kabisa" kwa wote wawili. "You are quite right": uko sahihi kabisa. Jiulize, je, jambo hili linaweza kuwa nusu? Uzuri una nusu. Kutowezekana hakuna.

Mambo mawili yanayoambatana nayo: "not quite" ni "karibu, lakini bado", na "quite a few" si wachache hata kidogo, ni wengi kiasi cha kutajwa. Nimeona mtu akipunguza idadi ya wageni wa hafla kwa sababu aliisoma kinyume.

"Fairly" na "rather" hutofautiana kwa hisia. Chumba kikiwa "fairly warm", joto linatosha, karibu ndani. Kikiwa "rather warm", mtu ameanza kutafuta dirisha. "Rather" hupenda kubeba kitu kisichopendeza au kisichotarajiwa. Ndiyo maana "I rather like it" ni sifa nzuri: sikudhani ningeipenda, nimeipenda. "Rather" inakubali kusimama mbele ya ulinganisho na mbele ya "too": "rather better", "rather too salty". "Fairly" inakataa. "Pretty" ya "pretty good" ni ya mazungumzo. Iweke kwenye meseji, usiiweke kwenye barua ya kazi.

Na "kidogo" yetu ya heshima, ile ya "ni ghali kidogo", inapatana vizuri na "a bit" na "a little". Ila hizo hupenda sifa zenye dosari: "a bit late", "a bit expensive". "A bit good" haisemwi. Na usiiangushe ile "a" ya "a little". "There is little hope" ni kukata tamaa. "There is a little hope" ni kushikilia.

Hatua ya 8: Kagua "hardly" mara mbili

Bosi mmoja mwenye moyo mzuri alimwandikia soja wake (mlinzi) barua ya kumsifu alipokuwa akihamia kazi nyingine. Soja akaja nayo kwangu niipige nakala. Ndani niliona: "He has worked hardly for six years." Bosi alitaka kusema amefanya kazi kwa bidii miaka sita. Bidii ni "hard", bila mkia. "Hardly" ni "kwa shida, karibu hakuna", na msomaji wa haraka angeona "He has hardly worked", yaani miaka sita huyu mtu hakufanya kazi. Nilimwomba arudi kwa bosi wake kabla ya kuipeleka popote. Alirudi kesho yake na barua mpya.

"Hardly" ina kanusho ndani yake, kwa hiyo usiiongezee "not". "Hardly ever" ni nadra sana.

"Almost" na "nearly" ni mapacha kwa sehemu kubwa. "Nusura nianguke" ni "I almost fell" au "I nearly fell". Lakini mbele ya "no", "nobody" na "never" ni "almost" peke yake: "almost nobody". Na "not nearly enough" haimaanishi karibu inatosha. Maana yake haikaribii kutosha.

Hatua ya 9: Fanyia mazoezi maandishi yako mwenyewe

Mazoezi ya vitabu yanasaidia, ila yako mwenyewe yanasaidia zaidi. Fungua simu, tafuta meseji au barua pepe tano ulizotuma kwa Kiingereza wiki hii, upigie mstari kila "still", "already", "just", "very", "too" na "quite". Kando ya kila moja andika kwa Kiswahili kile ambacho msomaji amesikia kuhusu matarajio yako. Dakika kumi. Ukikuta moja imesema usichokikusudia, iandike upya hata kama imeshatumwa. Mkono utaikumbuka kesho.

Na usiyaogope maneno makali. Yana siku yake. Mwezi uliopita alikuja fundi wa ujenzi, mzee wa makamo, na karatasi aliyoiandika kwa mkono. Alikuwa anamdai mkandarasi. Aliandika: "Until now I have not been paid." Kwa Kiswahili ni "mpaka sasa sijalipwa", na uchungu wote umo. Kwa Kiingereza "until now" inaweza kudokeza kwamba sasa hali imebadilika, pesa zimeingia leo. Nikamwuliza alimaliza kazi lini. Akasema Machi, tarehe 14, na risiti za vifaa anazo.

"Basi mzee wangu," nikamwambia, "hapa tunahitaji neno linalosema ulipaswa kuwa umelipwa."

Tukaiandika upya: "I still have not been paid for the work I completed on 14 March." Ile "still" niliyoiondoa kwenye barua ya yule binti, hapa niliiweka kwa mkono wangu. Akaisoma mara mbili akiifuata kwa kidole, akaniomba nimchapie nakala mbili, moja ya mkandarasi na moja ya kuweka.